Dada Yangu Anaumwa Goti, Nami Nimemwekea Sharti la Kupunguza Kilo 30

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa na fundo ambalo nimeshindwa kulifungua tangu Januari. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mwalimu wa shule ya upili hapa Nakuru, nina mke na watoto watatu. Kwetu ni Butere, na tumezaliwa wanne, baba mmoja mama mmoja. Dada yetu mkubwa, ambaye ndiye sababu ya barua hii, ana miaka 51 na anaishi Kisumu, ambako ana kibanda cha chakula karibu na Kondele. Mimi ni wa pili, na kwa kuwa ndiye mvulana wa kwanza, mambo ya michango ya familia huishia kwangu: mimi ndiye ninayepanga nani atoe kiasi gani, na fedha zote hutumwa kwenye simu yangu.

Dada ana uzito wa kilo 118, na urefu wake ni mita 1.62. Goti lake la kulia limemsumbua kwa miaka sita, na mwaka jana lilifika mahali ambapo hawezi kupanda matatu bila kondakta kumshika mkono. Picha aliyopigwa hospitalini ilionyesha kwamba gegedu imekwisha na mifupa inasagana. Daktari alisema kwamba tiba ya kudumu ni kubadilishwa goti, akaongeza kwamba ingefaa apunguze uzito kabla ya upasuaji, ingawa hakutaja ni kilo ngapi. Gharama tuliyotajiwa inazidi nusu milioni ya shilingi hata baada ya bima kulipa sehemu yake, na kwa hiyo jambo hilo likaletwa kwenye kundi letu la WhatsApp.

Nayanakili maneno niliyoyaandika humo kama yalivyokuwa: "Mdomo ni wake na mkono ni wake. Hakuna aliyemshika akamlisha. Akipunguza kilo 30 nitakuwa wa kwanza kutoa." Sikujua kwamba siku iliyotangulia kitinda mimba wetu, aliye Kitale, alikuwa amemwingiza dada katika kundi ili apate kuwashukuru watu. Aliyasoma. Alijibu, "Asante, mwalimu," kisha akajitoa. Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Maisha yake yote ameniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hakuna mwingine anayelitumia tangu mama afariki, na sijui kama unaelewa jinsi lile neno "mwalimu" lilivyonichoma.

Naomba usinione katili kabla ya kunisikiliza. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri na kufanya mazoezi, kila Jumamosi hukimbia hadi karibu na ukingo wa Menengai, sinywi soda, na uzito wangu haujazidi kilo 66 tangu nilipotoka chuoni. Mwili huu sikuuokota njiani. Dada naye si mvivu, hilo nalikiri. Huamka saa tisa usiku kukanda unga wa mandazi na hufunga kibanda saa mbili usiku, isipokuwa Jumapili ambapo hufunga saa nane mchana. Ila tumenyonya ziwa moja na kula chungu kimoja. Kama ni damu, basi ni ileile. Marehemu mama alikuwa mnene, lakini nadhani ni kwa sababu ya kuzaa.

Kusema kweli, dada alikuwa na tabia ya kula akiwa jikoni tangu zamani. Mama alipofariki nilikuwa darasa la saba, na yeye aliacha shule akiwa kidato cha tatu ili atupikie, kwa kuwa baba alikuwa kibarua wa miwa na alirudi usiku. Nakumbuka kwamba hakuwa akiketi nasi mezani. Tulipokuwa tumeshamaliza ndipo nilipokuwa nikimwona amechutama kando ya jiko, akikwangua ukoko wa ugali kwa kijiko na kuuchovya katika mchuzi uliobaki. Mwaka 2019 alijaribu chai fulani ya kupunguza unene pamoja na supu ya kabichi, akapungua kilo 14. Haukupita mwaka mmoja na nusu kabla hajazirudisha zote na kuongeza nyingine.

Krismasi iliyopita tulikutana nyumbani Butere. Kiti cha plastiki kilivunjika chini yake mbele ya wageni. Watoto walicheka, naye akacheka pamoja nao, akainuka kwa kushikilia nguzo ya hema. Kuanzia hapo alisimama siku nzima akigawa chakula, na sahani yake mwenyewe hakuishika. Lakini usiku, nilipotoka kwenda kufunga lango, nilimkuta nyuma ya jiko, gizani, akila chapati baridi, tatu, amezikunja pamoja kama karatasi. Nilirudi ndani bila kusema neno. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo akiwekewa goti jipya, litadumu?

Ndugu yetu wa Eldoret ananiunga mkono. Mke wangu anasema nimemdhalilisha wifi yake na kwamba hapiki tena sikukuu nyumbani kwetu hadi niombe radhi. Ninahofia kwamba nikilegeza nitakuwa nimemsaidia dada kujimaliza polepole, na nikishikilia nitampoteza akiwa hai. Je, ni kosa kumtaka mtu mzima abebe wajibu wa mwili wake kabla ya kuwatwika wengine gharama?

Ni mimi,
Kaka Mwenye Fundo, Nakuru

JIBU

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila niliporudi nilisimama mahali pamoja, kwenye ule ukoko wa ugali. Nitaufikia. Kwanza niseme ninavyolielewa jambo lako, ili kama nimepotea njia ujue nilipopotelea.

Una dada mgonjwa ambaye matibabu yake yanahitaji fedha za wengi, na wewe ndiye mshika mfuko. Unaamini kwamba ugonjwa huo ameuleta mwenyewe kwa kula, na kwamba kumlipia bila sharti ni kumruhusu aendelee. Ulilisema hilo kwa ukali, likamfikia, na sasa unajiuliza kama kosa lilikuwa katika maneno au katika fikra yenyewe. Kwa maoni yangu, ndani ya swali lako mna maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja: unene wa dada yako umetoka wapi, na nani anadaiwa nini leo. La kwanza umelijibu upesi sana, kisha ukalipa jibu hilo kiti cha hakimu ili liamue la pili.

Tuanze na damu, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja. Kunyonya ziwa moja hakumaanishi kurithi mamoja. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana, kwa wastani, nusu tu ya vinasaba vinavyowatofautisha watu, na ndiyo sababu nyumba moja hutoa mrefu na mfupi bila mtu kuuliza nani alijitahidi kurefuka. Mwaka 1986 daktari Mmarekani Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark walioasiliwa utotoni. Waligundua kwamba unene au wembamba wao ulifuata ule wa wazazi waliowazaa, wala haukufanana na wa wazazi waliowalea na kuwalisha. Tafiti nyingi za mapacha zilizofuata zinakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za uzito baina ya watu hutokana na urithi. Umetaja kwamba mama yenu alikuwa mnene, ukaipita habari hiyo kwa sentensi moja kama mtu anayepita karibu na nyumba ya mdai wake. Ningekuomba urudi hapo. Pengine dada alimrithi mama na wewe ukamrithi baba, kibarua wa miwa, ambaye nadhani hakuwa na kitambi.

Urithi hata hivyo haujamaliza kesi. Vinasaba vya Wakenya havikubadilika tangu siku za mama yako, ilhali miili yetu imebadilika sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima nchini walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene uliokithiri. Walipotenganishwa kwa jinsia, wanawake walikuwa takriban 38 kati ya kila 100 na wanaume takriban 17. Tuseme hali hii inatokana na nidhamu peke yake. Itabidi tuamini kwamba wanawake wa nchi hii wana nusu ya nidhamu ya waume zao, wao wanaoamka kwanza na kulala mwisho. Wewe umeishi na dada yako na sasa unaishi na mke wako. Utaniambia kama umeona hivyo.

Linganisha pia saa zenu. Saa kumi na moja, unapofunga kamba za viatu vya mazoezi, dada yako amekwisha kusimama jikoni kwa muda wa saa mbili, ameinamia karai la mafuta, akionja, akikadiria chumvi, akila andazi lililoungua kwa sababu halitauzika. Kwa hesabu yako mwenyewe, akishaosha vyombo na kufika nyumbani, hulala kwa muda wa saa tano tu, au pungufu. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu asiyelala vya kutosha huwa na njaa zaidi siku inayofuata na hula zaidi. Kwa miaka sita goti limemzuia kutembea. Sijui kama amewahi kupimwa tezi ya shingoni, au kama amewahi kutumia kwa muda mrefu sindano za kupanga uzazi za miezi mitatu au dawa za steroidi, ambazo huwaongezea baadhi ya watu uzito. Hujataja, na huenda hakuna aliyemuuliza. Sisemi haya ili kukupokonya sifa ya kukimbia kwako, ambayo ni yako kweli. Nauliza tu kama ungekuwa unakimbia Menengai leo iwapo mwaka ule wewe ndiye uliyetolewa shule ukakabidhiwa mwiko.

Kuhusu mwaka 2019 ningependa nikae kidogo, maana naona umeutumia kama ushahidi dhidi yake. Mtu anayepunguza kilo 14 ameonyesha utashi mkubwa. Kinachofuata baada ya hapo ndicho watu wengi wasichokijua: mwili uliopungua huona kwamba njaa imeingia nchini, ukapunguza matumizi ya nishati na kuongeza hamu ya kula. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia washindani 14 wa kipindi kimoja cha runinga cha Marekani, ambao walikuwa wamepungua sana kwa mazoezi na chakula kidogo. Baada ya miaka sita wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao bado ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Kalori 500 ni kama chapati mbili za kwetu. Yaani mtu wa namna hiyo, akila sawasawa na jirani yake mwenye umbo lilelile, amezidisha chapati mbili, na bado ana njaa. (Naandika haya nikiwa na kikombe cha chai na andazi mezani, na sijui ni kwa nini mimi husamehewa.) Sisemi kwamba kupungua haiwezekani, maana wapo wanaopungua na kudumu hivyo. Nasema kwamba kuna anayeteremka mlima na kuna anayeupanda, na wewe umewapima kwa saa ya mkononi ileile.

Sasa ukoko. Umeniletea picha hiyo ili nione ulafi ulivyoanza. Mimi naona msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akisubiri wadogo zake washibe. Hakuketi mezani kwa sababu alikuwa akipakua, na alichokula kilikuwa kile kilichong'ang'ania sufuria. Huenda nakosea, maana wewe ulikuwapo na mimi sikuwapo. Lakini tazama Krismasi kwa jicho hilohilo: kwa maelezo yako, tangu kiti kivunjike alisimama siku nzima na hakushika sahani. Mtu aliyefunga tangu asubuhi mbele ya wageni, kisha akala chapati tatu gizani, amekula chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja, mahali ambapo hakuna wa kumhesabia. Ulikuwa wewe uliyemhesabia.

Watafiti wa chuo kimoja kikuu cha London walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne karibu watu 3,000 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Wale waliosema kwamba walidharauliwa kwa sababu ya uzito walizidi kunenepa, ilhali wenzao walipungua kidogo. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dharau ndiyo iliyowanenepesha, lakini hautupi sababu yoyote ya kuamini kwamba inapunguza hata kilo moja.

Baada ya kusema haya yote, sitaki kumvua dada yako wajibu wake, kwa sababu hiyo nayo ingekuwa dharau. Ni mtu mzima, mwenye biashara, na yeye ndiye anayeamua kiasi cha mafuta katika karai lake na kama atakunywa soda adhuhuri. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai, na hakuna urithi unaoifungua chupa. Ila naona kuna wajibu wa namna mbili, nao umeuchanganya. Watu wa Nyando mafuriko yakija hawaulizwi nani ameleta mvua, na wapo kati yao waliojenga bondeni wakijua. Bado kila mmoja wao ana kazi ya kubeba godoro lake hadi mahali pakavu, na mwenye mashua ana la kufanya pia. Kazi ya kesho haingoji hukumu ya jana. Dada yako anaweza kuwa na kazi kubwa ya kufanya kuhusu mwili wake hata kama hakujiletea, na wewe unaweza kuwa na la kumsaidia hata kama sehemu fulani alijiletea.

Nije kwenye njia zilizo mbele yako, nikianza na sharti lako. Ukigawanya kilo 118 kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata karibu 45, kipimo ambacho madaktari hukiita BMI, ilhali Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 30 kuwa unene uliokithiri. Hofu yako ya kitabibu ina msingi: kwa watu wazito sana, upasuaji wa goti huwa na hatari zaidi ya kidonda kutopona vizuri na ya maambukizi, na wapasuaji wengi husita kipimo hicho kikizidi 40. Kwa dada yako, 40 ni kilo 105. Hizo ni kilo 13 za kupungua. Zile 30 hazikutoka kwa daktari. Zilitoka kwako, na nadhani unajua kwamba mtu asiyeweza kupanda matatu hawezi kuzitimiza. Tena mwaka 2023 vyama vya madaktari wa Marekani wanaotibu na kupasua viungo vilitoa mwongozo unaoshauri kwamba upasuaji wa goti au nyonga usicheleweshwe kwa ajili tu ya kufikia kipimo fulani cha uzito. Upande wa pili una uzito wake pia, nami sitauficha. Upasuaji wenyewe kwa kawaida haupunguzi unene. Magoti mengi ya bandia hudumu zaidi ya miaka 20, lakini kwa mtu wa miaka 51 ipo hatari kubwa zaidi ya kuhitaji jingine uzeeni. Ukitoa fedha leo, hutakuwa umenunua mwisho wa hadithi.

Unaweza kuliondoa sharti mikononi mwako ukalirudisha kwa wenye ujuzi. Kisumu ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na daktari aliyemwona anaweza kuulizwa waziwazi: ni uzito gani unaohitajika, kwa muda gani, na kwa msaada wa nani? Apimwe sukari, shinikizo la damu na tezi. Aonane na mtaalamu wa lishe na yule wa mazoezi ya viungo. Uchunguzi wa wagonjwa wa magoti umeonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo hata kilo sita si kitu cha kubezwa. Hatari ya njia hii ni kwamba lugha ya daktari inaweza kugeuka kuwa fimbo yako ileile iliyovikwa koti jeupe, iwapo utakuwa unampigia simu kila wiki kuuliza mizani imesema nini.

Ipo njia ambayo hujaitaja, nayo ni kutumia sehemu ya mchango kumlipa kijana wa kukanda unga na kuwasha jiko alfajiri kwa miezi michache. Dada alale hadi saa kumi na mbili, ale kifungua kinywa akiwa ameketi. Anaweza kukataa, kwa sababu mwenye kibanda huona mkono mwingine kwenye unga wake kama dalili ya kufukuzwa. Sindano mpya za kupunguza uzito zinafanya kazi kwa wengi, lakini ni ghali, na anayeziacha kwa kawaida hurudisha sehemu kubwa ya alichopunguza. Zinahitaji daktari na mfuko wa kudumu. Chai za kupunguza unene ningeziacha kabisa, maana nyingi huharisha tu.

Unaweza pia kumkabidhi kitinda mimba wa Kitale kazi ya kukusanya fedha. Kuna nafuu katika hilo, kwa kuwa dada hatalazimika kupitia kwako ili atibiwe. Kuna hatari vilevile ya kuonekana umenawa mikono. Ukiamua hivyo, mchango wako utoke na usiwe mdogo kuliko ungekuwa.

Hofu yako kwamba ukilegeza utamsaidia kujimaliza sitaipuuza, kwa sababu naamini ndiyo iliyoandika ile sentensi kwenye kundi. Mama yenu alikufa mapema, na dada anafanana naye. Huenda kwa miaka mingi umekuwa ukikimbia ukimtazama yeye, ukisema moyoni, lisinifike hilo. Hofu ya namna hiyo akiambiwa mtu kwa jina lake, anaweza kuipokea. Ikija imevaa nguo za sharti, ataijibu kama alivyokujibu.

Msamaha na fedha ningevitenganisha. Ukituma pesa ukaambatisha "samahani", atadhani unalipia neno lako. Ukiomba radhi huku ukiuliza kuhusu kilo, hatasikia radhi. Na kwa kuwa maneno yalisemwa mbele ya kundi, nadhani sehemu ya kuyafuta iko hapohapo kwenye kundi, hata kama yeye hayumo tena na ndugu wa Eldoret atanuna.

Sehemu iliyobaki ni safari. Umesema Jumapili hufunga saa nane. Ukifika mapema kidogo utamkuta akiosha masufuria, nawe hutakuwa na haja ya hotuba, maana mtu anayeosha vyombo anaweza kusikiliza bila kukutazama. Kama kibandani kuna viti vya plastiki, sogeza benchi la mbao kabla hajatafuta pa kukaa. Atakupakulia chakula, hilo halikwepeki, hata kama hajakuita kwa jina lako la utotoni. Mwombe apakue sahani mbili. Akisema atakula baadaye, usibishane naye. Chukua yako ukasimame naye pale jikoni.